Anza na tarumbeta, sauti itakusubiri

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni rekodi gani ya zamani ungemwekea kijana ambaye hajawahi kusikiliza jazz, na ungemwelekeza asikilize nini ndani yake? Yangu ni "West End Blues" ya Louis Armstrong, iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928. Ni dakika tatu na ushei tu, kwa sababu upande mmoja wa santuri za siku zile haukubeba zaidi ya hapo.

Wengi wetu tunamjua Armstrong wa uzeeni: sauti ya mikwaruzo, meno nje, kitambaa cheupe mkononi, akiimba "What a Wonderful World". Wimbo huo ni wa 1967, na mwenyewe alifariki Julai 1971. Sina ugomvi nao. Ila kijana akiingilia mlango huo atadhani mzee alikuwa mwimbaji, na tarumbeta ilikuwa pambo la jukwaani. Aanze na tarumbeta, sauti itamsubiri.

Ujanani nilipuliza kwenye matarumbeta ya harusi hapa Dar es Salaam, nyuma ya pikapu, kila mtu akipiga kwa nguvu zake zote ili asikike mpaka mtaa wa pili. Ndiyo maana rekodi ya mpulizaji naisikiliza kwanza midomo na pumzi: noti ya juu kaifikiaje, kapumulia wapi, kachoka lini. New Orleans, alikozaliwa Armstrong mwaka 1901, nako bendi za matarumbeta zilipita mitaani, kwenye sherehe na kwenye mazishi. Mkesha wa kuamkia 1913 alifyatua bastola hewani, akapelekwa kwenye nyumba ya watoto watukutu, na huko mwalimu Peter Davis akamfundisha korneti, ndugu mfupi wa tarumbeta. Muziki wa kule ulikuwa wa kundi: korneti inashika wimbo, klarineti inauzunguka kwa juu, tromboni inajaza chini. Kukaa mbele ya wenzako muda mrefu hakukuwa desturi.

Desturi hiyo ilivunjikia ndani ya rekodi zake, na utamu ni kwamba unaweza kuisikia ikivunjika, mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1923 Armstrong bado anapiga korneti ya pili kwenye bendi ya King Oliver, mpiga korneti aliyemwita Chicago mwaka uliotangulia. Walirekodi kwenye studio ya Gennett huko Richmond, Indiana, bila maikrofoni, sauti zikikusanywa na pembe kubwa. Lil Hardin, mpiga piano wa bendi ambaye Armstrong alimwoa mwaka 1924, alisimulia kwamba kijana alisogezwa nyuma kabisa kwa sababu alikuwa anamfunika Oliver. Novemba 1925, baada ya kupita New York kwenye bendi ya Fletcher Henderson, amerudi Chicago, na kampuni ya Okeh inamrekodi kwa jina lake. Kundi linaitwa Hot Five: yeye, Lil, Kid Ory kwenye tromboni, Johnny Dodds klarineti, Johnny St. Cyr banjo. Lilikuwa kundi la studio hasa. Usiku kila mmoja alikuwa na kibarua chake ukumbini.

Zile za mwanzo, yeye bado ni mtu wa kundi mwenye nguvu za ziada. Februari 1926 inakuja "Cornet Chop Suey", na korneti inaanza kupita njia za klarineti. Siku hiyohiyo wakarekodi "Heebie Jeebies", ile anayoacha maneno na kuimba silabi tupu. Husemwa kwamba karatasi ya maneno ilimdondoka. Mimi naona ni hadithi tamu mno kuwa ya kweli. Mtu aliyeshtuka hakai juu ya mdundo kwa utulivu ule.

Halafu "Potato Head Blues", Mei 1927, kundi likiwa limeongezwa tuba na ngoma na kuitwa Hot Seven. Hapa kijana avute kiti. Inafika mahali bendi inagonga pigo moja, inanyamaza, inagonga tena, na kati ya pigo na pigo Armstrong yuko peke yake. Kila mpulizaji anaijua hofu ya mahali pale: hakuna wa kukuficha, na ukipoteza mapigo unaumbuka hadharani. Yeye anachelewa kwa makusudi. Noti anaiweka nyuma kidogo ya pale sikio linapoisubiri, anaruka moja, anaokota inayofuata, na mdundo hauyumbi hata bendi ikiwa kimya. (Kesho yake walirekodi "Melancholy Blues", ambayo mwaka 1977 ilitiwa kwenye santuri ya dhahabu iliyobebwa na vyombo vya anga vya Marekani, Voyager. Sasa vimezipita sayari zote. Ningeulizwa mimi, wangebeba "Potato Head".)

Sasa "West End Blues", wimbo wa Oliver yuleyule. Kundi limebadilika: Earl Hines yuko kwenye piano, Zutty Singleton kwenye ngoma, na Armstrong ameshahama korneti na kushika tarumbeta. Anaanza peke yake, kama sekunde kumi na mbili: noti nne nzito, kisha anapanda mpaka juu na kuteremka kwa kona nyingi, na usijaribu kugonga mguu kwa sababu hakuna wa kukushikia mapigo. Bendi inaingia polepole. Tromboni ya Fred Robinson inapita, haina la kukuchelewesha. Klarineti ya Jimmy Strong inauliza kwa sauti ya chini, na Armstrong anaijibu kwa kuimba bila neno, laini kabisa. Wanaomjua kwa mikwaruzo tu watashangaa. Hines anachukua zamu yake, nayo peke yake ingetosha barua nyingine.

Kisha Armstrong anarudi, na baada ya fataki zile za mwanzo unategemea fataki zaidi. Anapiga noti moja. Ya juu, na anaishikilia karibu theluthi ya ubeti mzima wa blues, ikitetemeka kidogo, bila kushuka hata chembe, ndipo anaiachia na kumwaga vipande vifupi vinavyojirudia kuelekea chini. Kukimbia kwenye tarumbeta vidole vinaweza kukusaidia. Kusimama juu vile hakuna msaada, ni midomo na kifua, na wenzako wote wanasikiliza. Mimi nimejaribu, midomo ilinijibu vibaya.

Wapo wanaosema baada ya hapo aligeuka mchekeshaji wa wazungu. Nawapinga. Midomo ilimuumiza tangu miaka ya 1930, akapunguza noti, na nyingi alizobakiza zina uzito. Mwaka 1957, watoto weusi wa Little Rock, kusini mwa Marekani, walipozuiwa kuingia shule ya wazungu, alikataa hadharani kwenda Urusi kwa niaba ya serikali ya Marekani. Na 1960, katika ziara yake ya Afrika, alibebwa kwenye kiti cha enzi Léopoldville (leo Kinshasa), akapiga pia Elisabethville (leo Lubumbashi) na Nairobi. Waliokuwepo walimsikia mtu wa karibu miaka sitini. Wa 1928 tunaye kwenye santuri tu.

Kijana akimaliza, mwekeeni "Weather Bird" ya Desemba 1928, Armstrong na Hines wawili tu, kila mmoja akimtega mwenzake. Wimbo huohuo aliwahi kuurekodi 1923 na bendi ya Oliver, akiwa bado korneti ya pili. Azisikilize zote mbili, ya 1923 ikitangulia, na kelele za santuri azivumilie.