Maswali ya Wasomaji: Majitaka yanaishia kijitoni

SWALI: Tuko kaya 30, watu kama 150, kwenye mteremko juu ya kijito huko Moshi Vijijini. Tuna tangi moja la septiki na shimo la kunyonya. Kila masika shimo linafurika, maji meusi yanashuka hadi kijitoni, na ng'ombe wanakunywa humo. Fundi anasema tuchimbe shimo refu zaidi. Tumsikilize?

JIBU: Hapana. Shimo likifurika masika, mara nyingi ni kwa sababu maji ya ardhini yamepanda. Mkichimba zaidi mnayafuata huko huko chini, na majitaka yataingia kwenye maji ya visima kabla udongo haujayachuja.

Jueni pia kwamba septiki haimalizi kazi. Inatuamisha tope chini na kuzuia mafuta; uchafu unaooza unapungua kwa theluthi hadi nusu tu. Kanuni za ubora wa maji za 2007 zinataka uchafu ulio kwenye maji yanayoingia mtoni, ukiozeshwa na vijidudu, usitumie zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, kwa kipimo cha siku 5. Septiki pekee haifiki hapo. Inayoweza kufika ni septiki ikifuatiwa na kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, ambamo maji hupita taratibu na kusafishwa, na kwa kuwa mna mteremko, hamtahitaji pampu.

Anzeni na tangi. Kwa lita 80 kwa mtu mnatoa mita za ujazo 12 kwa siku. Ongezeni nafasi ya tope, lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka 3: hiyo ni 18. Jumla 30, yaani urefu mita 8, upana 2.5, kina cha maji 1.5. Ligaweni vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili. Bomba la kutokea liwe na tii (kiungo chenye umbo la T) iliyozama, ili utando unaoelea juu usipite.

Kitanda kiwe mita 20 kwa 7.5, kina sentimita 60, sakafu ikiinama sentimita 1 kwa kila mita. Tandikeni nailoni nzito au zege chini. Mwanzo na mwisho wekeni mawe ya milimita 40 hadi 80, katikati kokoto za milimita 10 hadi 20 zilizooshwa. Mafundi wengi huruka kuosha, na vumbi lile ndilo linaloziba kitanda. Pandeni matete manne kwa kila mita ya mraba. Mwishoni fungeni elbo (kiungo cha bomba kilichopinda) inayozungushwa, kwa hiyo mtashusha au kupandisha maji. Yakae sentimita 10 chini ya uso wa kokoto.

Kitanda kikae zaidi ya mita 60 kutoka kijitoni, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Maji ya mapaa yasiingie kabisa kwenye mfumo: mvua moja kubwa hulisukuma tope lote kitandani.

Maji yanayotoka mwagilieni migomba au miti. Msimwagilie mchicha, maana vimelea vingine bado vimo.

SWALI: Shuleni kwetu kitanda kama hicho kipo, lakini maji yamesimama juu, kunanuka na mbu wamejaa. Matete ni mabovu?

JIBU: Matete hayana kosa. Kagueni tangi: chukueni fito ndefu, izungushieni kitambaa cheupe, izamisheni hadi chini na kuivuta taratibu. Weusi wa tope utabaki kwenye kitambaa. Tope pamoja na utando wa juu vikifika theluthi ya kina, iteni gari la kunyonya. Likichelewa, tope huhamia kwenye kokoto, na hapo dawa ni kufukua mita 2 au 3 za mwanzo, kuosha kokoto na kuzirudisha. Kama tangi ni safi, basi shusheni elbo kwanza. Jikoni pia kuwe na chemba ya kunasa mafuta, isafishwe kila wiki.