Ukuta unavimba kila masika, nipake rangi gani ya wotaprufu?

SWALI: Assalam alaikum fundi. Nyumba yetu ya zamani iko Mkomani, Lamu. Ukuta wa nje upande wa kusini ulipigwa plasta ya simiti, na kila masika yakiisha inavimba na kubanduka, halafu huku ndani kuna unga mweupe kwa chini. Fundi anasema turudie simiti tumalizie na rangi ya wotaprufu. Ninunue gani?

JIBU: Waalaikum salam dada. Usinunue yoyote. Hili swali naletewa kila mwaka na kila mara mtu ameshatajiwa kopo la rangi, yaani watu washaamini ukuta ukizibwa vizuri maji basi, na mimi hapo ndipo naposhikwa na hasira. Maji yataingia tu. Yanapanda kutoka chini, yanateremka kutoka darini, yanapita kwenye ufa mwembamba hata huuoni. La kujiuliza ni yatatokea wapi.

Huo unga ni chumvi. Ukuta wenu ni wa matumbawe na chokaa, vyote vinapitisha unyevu, kwa hiyo zamani ukuta ulikuwa ukiloa unakauka wenyewe. Simiti ni ngumu kuliko hilo jiwe, inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa yakakwama nyuma yake, chumvi inaganda huko huko na kuisukuma plasta mpaka ianguke. Sasa juu yake upake wotaprufu? Ni kumvalisha koti la mvua mtu aliyeloa kanzu.

Kwanza ziba panapovuja darini na uzibue mtaro wa chini ya ukuta. Simiti itolewe kwa tindo na nyundo, pole pole, asije mtu na mashine akavunja na mawe. Ukuta ukae wazi kipindi cha kaskazi ukauke, chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, msiimwagie maji mkairudisha ndani. Halafu plasta ya chokaa, moja kwa mchanga tatu, tabaka nyembamba nyembamba, na magunia mabichi juu yake maana chokaa ikikaushwa na jua haraka haishiki. Mchanga wa ufuoni sitaki kuusikia. Juu malizia kwa chokaa ya kupaka, sio rangi ya plastiki.

Na kabla ya yote chukua bisibisi uchome boriti pale kichwa kinapoingia ukutani. Ikizama bila nguvu imeshaoza, na hapo muanze na dari, plasta itangoja.

Mji wenu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001 lakini mafundi wa simiti na kopo wanazunguka humo humo, chokaa hawaitaki kwa sababu inachukua muda na wao wanataka kulipwa Ijumaa. Malindi nako sio afadhali, nyumba ya bloku ikitoa ukungu wanaifunika na vigae vya mawe ipendeze, kumbe bomba la bafuni linavuja nyuma na hakuna aliyeliangalia. Vigae vyenyewe navyo vitadondoka.