Udongo wa Chini ya Mipaini Mikubwa: Mazoea au Utaalamu?

SWALI: Ninaotesha miche ya mipaini kwenye viriba hapa Mufindi. Miche imedumaa na majani yake yanaelekea rangi ya zambarau, ingawa nimeiwekea DAP, mbolea yenye kirutubisho cha fosforasi. Mzee jirani yangu amenishauri nichanganye udongo uliochotwa chini ya mipaini mikubwa. Je, huo ni utaalamu au ni mazoea tu?

JIBU: Mzee wako amekushauri vema, na sayansi iko upande wake. Mpaini unaopandwa sana Nyanda za Juu Kusini, yaani Pinus patula, asili yake ni milima ya Meksiko, na mizizi yake hutegemea aina fulani za kuvu ambazo huvika ncha za mizizi midogo, kisha hutandaza nyuzi nyembamba mno udongoni, mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Kuvu hizo huuletea mti maji na fosforasi, nao mti huzilipa sukari iliyotengenezwa majanini. Ushirika huo ndio unaoitwa mikoriza, jina lililotolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank. Mipaini ilipoanza kupelekwa nchi za tropiki, miche ilikwama vitaluni katika sehemu nyingi mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu zake.

Rangi ya zambarau kwa kawaida ni dalili ya njaa ya fosforasi. Udongo mwekundu wenye tindikali, ambao ni mwingi kwetu, huishika fosforasi kwa nguvu, hivyo mche usio na kuvu unaweza kuwa na njaa hata baada ya kuwekewa mbolea. Tena usiongeze DAP kwa kudhani kwamba ni kidogo, kwa maana fosforasi ikizidi hudhoofisha mikoriza yenyewe.

Ng'oa mche mmoja, uoshe mizizi taratibu na uitazame kwenye mwanga. Ukiona vijizizi vifupi, vinene kidogo, vilivyogawanyika ncha kama panda ya manati na kuzungukwa na utando mweupe au wa kahawia, kuvu zipo na tatizo litafutwe kwingine, pengine katika umwagiliaji uliozidi. Ukikuta mizizi mirefu, myembamba na mitupu, fuata ushauri wa mzee.

Chagua shamba lenye miti yenye afya, ondoa majani makavu yaliyo juu, kisha chota udongo wa sentimita 10 za mwanzo na uutumie ukiwa bado na unyevu, kwa kuwa ukikaushwa juani kuvu nyingi hufa. Kwa viriba vipya, debe moja kwa madebe tisa ya udongo wa kawaida linatosha. Kwa miche uliyonayo, weka kiasi kidogo karibu na shina na umwagilie. Usiuweke kwenye tuta la kusia mbegu, kwani unaweza kubeba vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga shinani.

Ningependa sana uache viriba vichache bila udongo huo, uviwekee alama na kuvitunza sawasawa na vingine, kwa sababu bila hivyo hutajua kama miche imeponywa na kuvu au na mvua.