Mtoto Atafikia Urefu Gani? Pimeni Kwanza, Hesabu Baadaye

Msomaji ameuliza: mwanawe wa kiume ana miaka 7, darasani ndiye mfupi kuliko wote, je, ataishia hapo? Hesabu ya kukadiria ipo, tena nyepesi. Jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13, halafu gawa kwa 2. Baba wa 172 na mama wa 160 wana jumla ya 332. Mvulana wao anakadiriwa 172.5, msichana 159.5. Hiyo ni katikati tu. Watoto wengi huangukia ndani ya sentimita 8.5 juu au chini yake, kwa hiyo mvulana huyo akiishia 165 au 180, hesabu haijakosea.

Kinachoiharibu ni vipimo. Akina baba hasa hupenda kutaja urefu wanaoutamani, kwa hiyo pimeni nyote. Vua viatu, fumua nywele zilizofungwa juu, simama visigino na makalio vikigusa ukuta, macho mbele. Weka kitabu kigumu kichwani, kikae sawasawa na ukuta, tia alama, kisha pima kwa futi ya chuma. Ile ya fundi cherehani huvutika. Pimeni saa ileile kila mara, maana jioni mtu huwa amepungua kidogo. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala, na kipimo hicho huzidi cha kusimama kwa karibu sentimita 0.7. Usishtuke basi akianza kupimwa wima akaonekana amerudi nyuma.

Mimi ningeangalia kasi kuliko makadirio. Kuanzia miaka 4 hadi dalili za balehe, mtoto huongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Pima kila miezi 6. Ukipima kila wiki utakuwa unapima makosa ya mkono wako. Akiongezeka chini ya 4 kwa mwaka, mpeleke kwa daktari wa watoto. Mpeleke pia msichana akianza kuota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana akianza kubalehe kabla ya 9: hao hurefuka mapema, lakini mifupa yao huwahi kufunga, yaani kuacha kurefuka.

Daktari anaweza kuagiza eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, asome umri wa mifupa, yaani imekomaa kiasi gani. Umri huo ukiwa nyuma ya umri wa kuzaliwa, mtoto bado ana muda wa kurefuka, hata wenzake watakapokuwa wameacha kurefuka.