Maswali Yenu: Udongo Bado Baridi, Mbegu Ziko Mkononi

Jamani, barua za safari hii karibu zote zimekuja na jambo moja, baridi imeanza kuachia, jua linachungulia kidogo na kila mtu anataka kupanda leo leo. Naelewa kabisa manake hata mi mikono inawasha nikiona vichipukizi vya kwanza, ila soma maswali yenyewe utaona nusu ya shida zenu zimeletwa na hiyo haraka. Haya twende.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kashamba kadogo, robo ekari hivi. Nimesia nyanya na pilipili hoho kwenye trei nikaziweka ndani dirishani, ziliota vizuri mpaka nikafurahi, afu zikaanza kurefuka, nyembamba, zote zimelalia upande mmoja. Wiki hii zingine zinaanguka zenyewe, ukiangalia shina pale chini limesinyaa kama uzi. Nadhani zina njaa, niweke mbolea? – Mama Mwenye Trei

JIBU: Marahaba mama. Mbolea hapana, weka pembeni kabisa kwa sasa. Hapo una matatizo mawili yamekuja pamoja.

Kurefuka ni njaa ya mwanga. Dirishani mwanga unatoka upande mmoja, mche unaukimbilia, na kama chumba kina joto sana ndo unarefuka haraka zaidi bila nguvu. Mbegu za nyanya zinataka joto ili ziote, nyuzi 20 na kitu, lakini zikishatoka tu zisogeze pasipo na joto kali, nyuzi 16 hadi 18 zinatosha sana, na mwanga uwe mwingi uwezavyo. Geuza trei kila siku.

Huko kuanguka sasa, shina limesinyaa usawa wa udongo, hicho ni kinyausi. Ni vimelea vya ukungu vinavyoishi kwenye udongo, vinapenda maji yaliyotuama na miche iliyobanana. Mche ukishaanguka hauponi, usihangaike nao, ung'oe pamoja na kaudongo kanakouzunguka ukatupe mbali na kitalu. Iliyobaki acha kuimwagia kwa juu, weka trei kwenye beseni lenye maji kidogo dakika 20 hivi, inywe kutoka chini, itoe, afu subiri juu pakauke kabisa kabla ya kurudia. Msimu ujao osha hizo trei kwa sabuni na usirudie udongo wa mwaka jana.

Nyanya zilizorefuka bado zinaokoka, usizitupe! Shina la nyanya likifukiwa linaotesha mizizi, so hamishia kila mche kwenye kikopo chake ufukie shina mpaka karibu na yale majani mawili ya kwanza. Hoho zipande kina kilekile zilichokuwa nacho. Na usije ukazitoa ndani ukazipeleka shambani siku hiyo hiyo, majani yatababuka yawe meupe kama karatasi. Zizoeshe siku 7 hadi 10, siku ya kwanza masaa mawili tu nje kwenye kivuli, kesho yake unaongeza kidogo, mpaka zilale nje. Kama usiku bado unashuka chini ya nyuzi 10 nyanya ziendelee kurudi ndani, hata kama mchana ni mzuri vipi.

SWALI: Kaka, nina pawatila iko tayari na mvua imekatika juzi. Niingie shambani au nisubiri, majirani wote washalima. – Wa Pawatila

JIBU: Kaka usiangalie majirani, angalia udongo wako. Chimba kama sentimita 10, chukua wa kujaza kiganja, ufinyange, afu uachie udondoke kutoka usawa wa kiuno. Ukisambaratika, ingia. Ukidondoka ukabaki donge, au ukiubonyeza kwa kidole gumba unang'aa kama umepakwa mafuta, rudi nyumbani usubiri siku kadhaa upime tena.

Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Mwaka mmoja nililima mfinyanzi ukiwa bado umeloa, kisa nilikuwa na miche ya letusi inanisubiri, na ile ardhi ilivyokauka ikawa mabonge magumu kama matofali, nayapiga jembe linarudi. Msimu mzima mizizi ya vitu vyangu ilizunguka juu juu tu. Ukilima udongo mbichi unabana zile nafasi za hewa zilizomo ndani, na kuzirudisha inachukua muda mrefu, mboji nyingi na subira. Siku 5 za kusubiri si kitu kabisa ukilinganisha na hapo. Ukiwa na haraka sana inua tuta moja au mawili yapande juu sentimita 15 au 20, tuta lililoinuka linachuja maji na kupata joto mapema kuliko ardhi ya sesa, ile iliyolimwa bila matuta.

SWALI: Karoti zangu wiki ya pili sasa kimya, nimefukua mbegu naziona zipo tu. Nimepigwa mbegu feki? – Nasubiri

JIBU: Sidhani, na tafadhali acha kufukua. Karoti udongo ukiwa na nyuzi 20 zinatoka kama wiki moja, ukiwa na nyuzi 10 zinapita wiki mbili, na ukiwa baridi zaidi ya hapo zinaweza kupita hata mwezi. Nunua kipimajoto cha udongo, kichomeke sentimita 5 chini asubuhi kabla jua halijapiga, siku 3 au 4 mfululizo. Njegere, spinachi na letusi zinakubali kuota hata kwenye nyuzi 5, polepole lakini zinakuja. Maharage subiri 16, matango na maboga yasubiri yafike kama 18, ukiyawahisha yanaozea chini.

Kosa lingine la karoti ni kukauka juu. Mbegu yenyewe imekaa sentimita moja tu chini, siku moja ya upepo inatosha kuiua ikiwa imeanza kupasuka. Tandika gunia lililoloa juu ya mstari, funua kila asubuhi uchungulie, na siku utakayoona nyuzi za kijani za kwanza liondoe siku hiyo hiyo, ukichelewa zinageuka njano. Mi huwa nachanganya na mbegu chache za figili, zenyewe zinawahi kutoka kwahiyo najua mstari uko wapi nikianza palizi.

SWALI: Miche ya kabichi nakuta imekatwa asubuhi kama kwa mkasi, majani yamelala hapo hapo hayajaliwa. Ni panya? – Dada wa Kabichi

JIBU: Dada hao ni sota. Fukua kwa kidole pembeni ya mche uliokatwa, sentimita 3 au 4, utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja kama herufi C. Muue, manake kesho anahamia mche wa pili. Iliyobaki izungushie kola ya karatasi ngumu, nusu izame ardhini nusu ibaki juu. Na siku nyingine safisha magugu wiki 2 au 3 kabla ya kupanda, mle ndo wanamokaa.

SWALI: Nina pakiti za mbegu za miaka 3 iliyopita, vitunguu, nyanya na matango. Bado nzima? – Msomaji

JIBU: Nyanya na matango kama zilikaa pakavu uwezekano ni mkubwa. Vitunguu nina wasiwasi navyo, mbegu yake inachoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Usibahatishe, hesabu mbegu 10 za kila pakiti, zikunje kwenye kitambaa kibichi, weka ndani ya mfuko sehemu yenye joto uchungulie baada ya siku 7 hadi 10. Zikiota 8 panda kawaida, zikiota 5 sia mbegu nyingi mara mbili ya kawaida, chini ya hapo tafuta pakiti mpya mapema, ukiwa bado unasubiri udongo upate joto.