Fedha hununua ruhusa ya kushindwa

Swali la wiki hii lilikuwa: watoto wawili wenye akili sawa, mmoja wa tajiri na mwingine wa maskini, je, wana nafasi sawa maishani? Wengi mtataja maabara, kompyuta na basi la shule. Mimi niliyefundisha shule ya kata hapa Tanzania, yaani sekondari ya serikali ya kila kata, natazama zaidi mtoto anaruhusiwa kushindwa mara ngapi.

Mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, husoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu akifika kidato cha kwanza anakuta hisabati, biolojia na jiografia zote ni Kiingereza. Mwenzake wa inglishi midiamu ameizoea lugha hiyo tangu chekechea. Na hata huko Kayumba fedha huanza kuchambua mapema. Mtihani wa darasa la saba ukiisha Septemba, mwenye uwezo anapelekwa pri-fomu wani, masomo ya kulipia ya kumwandaa kwa kidato cha kwanza. Asiye nao anakwenda shambani, au anauza karanga stendi. Januari wakikaa dawati moja, huyu anaonekana mwepesi na yule mzito, na sifa hizo huwaganda hadi kidato cha nne.

Kidato cha nne ndipo tofauti inapouma. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na ziro, yaani walifeli. Kelele zikawa nyingi, tume ikaundwa, alama zikapangwa upya. Lakini tazama kilichofuata majumbani. Aliyetoka kwenye nafuu alirisiti, yaani alirudia mtihani, kwenye kituo chenye walimu na tuisheni, mwaka uliofuata akaendelea na safari. Wa maskini aliambiwa amefeli, basi. Leo ukiwakuta, mmoja anasema alichelewa kidogo, mwingine anasema hakuwa na kichwa cha shule.

Najua mtanitajia Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Tabora Boys, shule za serikali za vipaji maalumu, kwamba wametoka huko watoto wa wakulima wakawa wakubwa. Kweli kabisa. Ila hao ni wale ambao hawakuteleza hata mara moja, na nafasi zenyewe chache. Mtoto wa tajiri hahitaji kuwa wa ajabu kiasi hicho, wastani unamtosha.

Chuo kikuu mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali husaidia, sibishi. Baada ya hapo kuna kujitolea. Kukaa Dar es Salaam mwaka mzima ofisini bila mshahara kunataka mtu wa kukulipia chumba, nauli na chakula, lakini kwenye wasifu wa kazi jambo hilo huandikwa uzoefu. (Hapo sijagusa simu ya mjomba anayekuombea kazi kwa wakubwa.)

Januari 2023 NECTA, Baraza la Mitihani, ilitangaza kuacha kutaja shule kumi bora kwenye matokeo. Baadhi ya walimu wenzangu walifurahi. Mimi naona tumeondolewa orodha tu. Wazazi wenye fedha wanazijua shule hizo kwa majina na ada zake.

Mngeniuliza pa kuanzia, ningeanza na anayerudia mtihani. Elimu bila malipo tangu 2016 imemwondolea ada ya mtihani mwanafunzi wa shule ya serikali, lakini mtahiniwa wa kujitegemea anajilipia. Anayerisiti mara ya kwanza asamehewe ada hiyo, na shule ya kata iliyo karibu naye imfungulie darasa jioni, pamoja na mwalimu anayelipwa posho ya kazi hiyo.