Barua kwa Mwanangu: Nyimbo Zinazomwacha Mwanaanga Angani

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa Hamisi,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba, mwanangu. Hapa nyumbani sote tu wazima, na mikorosho imeanza kutoa maua. Wimbo unaoitungia bendi yako huko Dodoma nimeusikiliza zaidi ya mara moja, na swali uliloliambatanisha nimelitafakari. Umeniuliza kwa nini nyimbo maarufu kuhusu wanaanga humwacha mtu akielea huko juu, ilhali wengi wao katika maisha halisi walirudi salama na kuzeeka kama watu wengine, na kama maisha yao baada ya kurudi yana uzito wa kutosha kubeba wimbo.

Zitazame kwanza tarehe, kwa maana zinaeleza mengi. Wimbo wa mwimbaji Mwingereza David Bowie uitwao «Space Oddity» ulitolewa Julai 11, 1969, siku tisa kabla ya Neil Armstrong na Buzz Aldrin kutua mwezini, kwa hiyo mtunzi hakuwa na mtu yeyote aliyekwisha kukanyaga mwezi ambaye angeweza kumwuliza habari. Alichokuwa nacho ni filamu ya Stanley Kubrick kuhusu safari za anga iliyotoka mwaka uliotangulia, gitaa, na upweke wake mwenyewe, na kwa vitu hivyo akamtunga Meja Tom, ambaye mawasiliano yanakatika naye asirudi tena. Miaka mitatu baadaye Elton John aliimba «Rocket Man» kwa maneno ya Bernie Taupin, ambaye alipata wazo kutoka katika hadithi fupi ya Ray Bradbury. Hapo ndipo ninapotaka utulie. Katika hadithi ya Bradbury anayesimulia ni mtoto wa rubani, aliyebaki nyumbani na mama yake, anayemwona baba akirudi na kuondoka tena. Lakini hadithi ilipogeuzwa wimbo, baba ndiye aliyepewa sauti na mtoto akanyamaza. Wako wasikilizaji wanaosema kwamba mtu anayelalamika katika wimbo ule ni mwanamuziki aliyechoka na ziara za maonyesho kuliko rubani wa roketi, nami nakubaliana nao. Watunzi hawa walijiimba wenyewe, wakaazima vazi la mwanaanga kwa sababu linaonekana kutoka mbali.

Kabla yao zilikuwapo nyimbo za furaha tupu. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu mnamo Februari 20, 1962, Lightnin' Hopkins, mpiga gitaa wa Texas, alimtungia wimbo wa bluzi mwaka huohuo. Safari ile haikuwa mbali nasi kama unavyoweza kudhani, kwa kuwa Unguja palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga, ambacho kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Hata hivyo nyimbo za namna ile huishia pale chombo kinapotua. Glenn alikuja kuwa seneta, na mwaka 1998 alipanda tena angani akiwa na umri wa miaka 77, lakini sehemu hiyo ya maisha yake haikupata mwimbaji anayelingana nayo.

Na maisha yao baada ya kurudi, mwanangu, yana wimbo ndani yake kuliko safari yenyewe. Mfikirie Aldrin. Alikanyaga mwezi akiwa na umri wa miaka 39, akazungushwa duniani pamoja na wenzake wawili katika ziara ya mwaka 1969 iliyofika hadi Kinshasa, akapokewa na marais na wafalme, halafu shangwe zikaisha na mtu akabaki na miaka mingi ya kuishi bila kujua afanye nini kitakachoweza kulingana na kile alichokwisha kukifanya. Alizama katika sonona na ulevi, ndoa yake ikavunjika, na kwa muda alijaribu kuuza magari. Mwaka 1973 aliyaandika mambo hayo kitabuni, wakati ambapo haikuwa kawaida kwa mwanajeshi wa cheo chake kukiri hadharani kwamba akili yake inaugua. Wengi humtaja kwa kuwa mtu wa pili kukanyaga mwezi. Mimi humheshimu zaidi kwa kitabu kile.

Armstrong alichagua njia nyingine: alifundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati kuanzia 1971 hadi 1979, akakwepa umati kadiri alivyoweza. Michael Collins, aliyebaki akiuzunguka mwezi peke yake wakati wenzake wakitembea chini, alitajwa mwaka 1970 katika wimbo wa bendi ya Jethro Tull, na ni mojawapo ya nyimbo chache za wakati ule zilizomtazama yule ambaye hakushuka. Al Worden, aliyefanya kazi hiyohiyo ya kubaki chomboni katika safari ya Apollo 15, hakungoja watunzi. Aliandika mashairi yake na kuyachapisha mwaka 1974. Alan Bean, mtu wa nne kukanyaga mwezi, aliacha kazi ya anga mwaka 1981 akawa mchoraji hadi mwisho wa maisha yake. Picha zake alizikwaruza kwa nyundo aliyoitumia huko mwezini, na ndani ya rangi alitia vipande vya nembo za vazi lake vilivyokuwa na vumbi la mwezi. Unaona kwamba waliporudi walitafuta sanaa wao wenyewe, pengine kwa sababu sanaa ya wengine ilikuwa imewaacha huko juu.

Sasa nije kwa Chris Hadfield wa Kanada, kwa kuwa habari yake inalijibu swali lako moja kwa moja. Mei 2013, akiwa anakaribia kumaliza kazi yake katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, aliimba «Space Oddity» humohumo kituoni akiwa na gitaa lake mkononi, na video yake ikaenea duniani kote. Hakuuimba kama ulivyoandikwa. Maneno yalibadilishwa ili rubani apewe amri ya kufunga mlango wa chombo na kurudi nyumbani, na Bowie mwenyewe aliusifu sana uimbaji ule. Kwa maoni yangu hayo ndiyo masahihisho bora niliyowahi kuyaona katika muziki wa namna hii: mwanaanga halisi alipopewa wimbo wa mwanaanga wa kubuni, jambo la kwanza lililorekebishwa ni mwisho wake.

Kisha sikiliza alichokieleza baada ya kutua. Alisema kwamba aliuhisi uzito wa midomo na ulimi wake, na kwamba ilimlazimu kubadilisha namna ya kuzungumza, kwa sababu alikuwa amezoea kusema kwa ulimi usio na uzito. Wewe ni mwimbaji. Jambo hili sidhani kama unahitaji kufafanuliwa. Mwili wote hupitia hali ya namna hiyo. Mifupa inayobeba mwili hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya uzito wake wa madini kwa kila mwezi wa kukaa angani, ingawa wanaanga hufanya mazoezi kwa takribani saa mbili kila siku. Masikio husahau kuuongoza mwili usiyumbe. Na wanaotua katika nyika za Kazakhstan hutolewa chomboni kwa kushikwa, wakaketishwa kitini na kufunikwa blanketi.

Warusi, nadhani, walilielewa jambo hili mapema zaidi. Bendi ya Zemlyane iliimba mwaka 1983 wimbo unaosema kwamba wanaanga hawaoti mngurumo wa roketi; wanaota majani mabichi yaliyo karibu na nyumba zao. Mwaka 2009 shirika la anga la Urusi liliufanya kuwa wimbo rasmi wa wanaanga wa nchi hiyo. Ala zake zina kelele za miaka ile, nami sizipendi sana, lakini wazo lake ni zito kuliko la Bowie.

Kwetu Newala sanaa ya kupokea haijawahi kusahauliwa. Watoto wanaporudi kutoka jandoni, wakivishwa nguo mpya na kuitwa kwa majina mapya, nyimbo za kutoka huwa nyingi na nzuri kuliko za kuingia, na wanaoziimba zaidi ni waliobaki nyumbani. Mtoto mwenyewe haombwi kusimulia alikokuwa. Wimbo unawaambia majirani kwamba aliyerudi si yuleyule aliyeondoka, na kwamba ni wajibu wao kumzoea upya.

Kwa hiyo wimbo wako una tatizo moja, nalo liko kwenye ubeti wa tatu, ambako mwanaanga wako anatoweka kati ya nyota kwa sababu tu Meja Tom alitoweka. Mshushe. Mpe mke au mama au mtoto aimbe ubeti huo, na yeye mwenyewe umwachie mistari miwili tu, kwa sauti ya chini, yenye maneno mafupi ambayo ulimi mzito unaweza kuyatamka. Kibwagizo usikibadilishe, kinapendeza, ila gitaa la pili lipunguzwe kwa sababu linameza maneno. Ukimaliza kurekebisha, nitumie rekodi kabla hamjaupeleka studio, maana dada yako naye anataka kuusikia, na ana maoni makali kuhusu mdundo.

Akupendaye,
Mama